Muulize Fundi: Mtoto wa miaka 13 na pikipiki ya miguu minne

Toleo lililopita niliahidi tungeendelea na kabureta ya bajaji inayokohoa asubuhi. Itasubiri. Tangu Idd barua zimekuwa zikinifikia gereji, nyingine kwa mkono, nyingine kwenye simu ya mwanangu, na tano kati yake zinamuulizia mdudu mmoja: ile pikipiki ya miguu minne yenye matairi yaliyovimba kama maboga. Vijana wa Raskazone hapa Tanga wanaiita kwadi. Jumapili jioni ukiwa ufukweni utaisikia kabla hujaiona, na ukishaiona, mara nyingi aliye juu yake miguu haifiki vizuri pa kukanyagia.

Naanza na barua ndefu kuliko zote.

*Shikamoo Fundi. Kaka yangu anaishi Marekani. Mwezi uliopita ametuletea kontena, na ndani yake, pamoja na friji na magodoro, mna pikipiki ya miguu minne ya cc 250. Juu ya boksi kaandika jina la mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 13. Kaka anasema huko aliko watoto wanaendesha tangu wana miaka 6 na sheria inaruhusu. Mtoto ni hodari wa baiskeli na bajaji ya jirani keshaijaribu. Shamba letu liko Pongwe, na kutoka nyumba ya shamba hadi kwenye mihogo lazima uvuke lami. Mama yake hataki hata kusikia. Sheria yetu inasemaje, na kaka nimjibu nini?*
*Baba wa watatu, Chumbageni*

Marahaba, baba wa watatu. Kabla ya yote, mwambie mama watoto kwamba Fundi yuko upande wake. Sasa turudi kwa kaka. Kaka hakudanganya, ila hadithi kaileta nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito.

Ni kweli huko kwao wapo watoto wa miaka 6 wanaopanda. Lakini wanapanda nini? Marekani, tangu sheria yao ya usalama wa bidhaa ya mwaka 2008, kiwanda hakiruhusiwi kuuza chombo hiki bila kukipanga kwa umri. Cha mtoto wa miaka 6 ni kidude kidogo ambacho hata ukikiachia mafuta yote hakitakiwi kupita kilomita 24 kwa saa, na kinatoka kiwandani kimefungwa skrubu ya kuzuia mafuta ili kisipite 16. Cha kuanzia miaka 10 mwisho wake ni 48, nacho kinatoka kimefungwa kisipite 24. Kipo cha kuanzia miaka 14. Baada ya hapo ni cha mtu mzima, na mtu mzima kwa hesabu yao hapo anaanzia miaka 16. Zamani walikuwa wakipima kwa ukubwa wa injini: chini ya cc 70 ni ya miaka 6 hadi 11, cc 70 hadi 90 ni ya miaka 12 hadi 15, ikizidi 90 ni ya miaka 16 kwenda juu. Yako ni 250. Tumia hesabu ya zamani, tumia ya sasa, jina la mwanao halikustahili kuandikwa juu ya lile boksi.

Tena kila jimbo lina ukali wake. Massachusetts tangu mwaka 2010 limewakataza walio chini ya miaka 14. Na chama cha madaktari wa watoto cha huko hakibagui ukubwa wa injini: aliye chini ya miaka 16 asipande, basi. Hawakufika hapo kwa woga. Tangu walipoanza kuhesabu mwaka 1982, watoto zaidi ya 3,000 walio chini ya umri huo wamekufa juu ya vyombo hivi nchini mwao, nchi yenye helmeti za kila saizi dukani na helikopta ya kumbeba majeruhi.

Ukitaka ushahidi usiotoka kwangu, nenda uani, funua turubai, inama penye madigadi na karibu na tangi la mafuta. Utakuta kibandiko chenye namba 16. Kinasema aliye chini ya umri huo asiendeshe. Kipige picha umtumie kaka. Kimesafiri naye kwenye kontena lake mwenyewe.

Sasa kwa nini 16, na kwa nini si suala la uhodari? Hapa ndipo ninapotaka ukae kitako, maana umenitajia baiskeli na bajaji kana kwamba ni shule ya kitu hiki. Si shule yake. Baiskeli ukitaka kukata kona unalala nayo upande wa kona. Bajaji unakaa, unazungusha usukani, yenyewe inakwenda. Hii ya miguu minne, nyingi zake hazina difu nyuma: ekseli ni chuma kimoja kilichonyooka, tairi la kulia na la kushoto yanazunguka sawasawa. Kwenye kona tairi la nje linataka kwenda mbali zaidi ya la ndani, ekseli inalikatalia, chombo kinang'ang'ania kwenda mbele. Ili kikate kona, dereva lazima ahamishe mwili wake kitini, alitoe uzito tairi la ndani lipate kuteleza. Kukiwa na mteremko anaegemea juu, kwenye mwinuko anainama mbele. Yaani nusu ya usukani wa kitu hiki ni makalio ya dereva, mnisamehe wasomaji wa kike.

Mtoto wa miaka 13 ana kilo ngapi? Wa kwako sijamwona, tuseme 40. Chombo cha cc 250 kina kilo 170 na zaidi, na kikubwa cha shambani kinapita 300. Kilo 40 zikihama kitini, kilo 170 zinajua? Hazijui. Kwa mtu mzima wa kilo 75 zinaanza kusikia. Ndiyo maana mtoto mwenye akili kuliko wote darasani anapinduka palepale anapopita mjomba wake mzito asiye na akili kubwa. Na kikipinduka, tofauti na baiskeli, hakikutupi pembeni ukapangusa vumbi. Kinakufuata. Wapo wanaokufa bila hata kuvunjika. Wanalaliwa kifua, pumzi inashindwa kuingia, na kilo 170 mtoto peke yake hazinyanyui.

Matairi nayo. Yale maboga hujazwa upepo kidogo sana, psi 3 hadi 7 hivi, wakati tairi la gari lako linakula 30 na zaidi. Yametengenezwa kukumbatia mchanga na tope. Kwenye lami yanashika vibaya: mara yanateleza, mara yanang'ata ghafla, na yaking'ata kwenye kona ndipo chombo kinapoinua mguu. Wewe umeniambia shamba liko ng'ambo ya lami. Barabara ile ya kwenda Segera naijua, malori ya saruji yanapita pale dereva akiwa anawaza Chalinze. Mtoto juu ya maboga, katikati ya lami, mbele ya lori. Sitaki kuendelea.

Sheria yetu? Leseni ya udereva mlango wake kwa karibu kila chombo ni miaka 18. Ule mlango mdogo wa miaka 16 ni wa vipikipiki vya injini ndogo kabisa, na hata huo mwanao hajaufikia. Hivi vya miguu mitatu na minne vimo kwenye ukoo wa daraja A, pamoja na pikipiki. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe, leseni yako ya daraja D ya gari ndogo haikupi ruhusa ya kuvipanda barabarani. Uliza kwanza, ukasome chuo cha udereva, polisi wakupime. Chombo kisajiliwe, kipate namba, kikatiwe bima. Helmeti kichwani na mkanda wake umefungwa kidevuni, si ile ya kuvishwa kiwiko kama bangili. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimtazami dereva peke yake: mwenye chombo aliyemruhusu mtu asiye na leseni naye ana kesi. Mtoto akishikwa, anayepanda kizimbani ni wewe.

Utaniambia, "Fundi, ndani ya shamba langu hakuna trafiki." Sawa. Ekseli lakini iko palepale.

Nitakusimulia jambo, na dada yangu akisoma haya anisamehe kwa mara ya pili. Mwaka 1987 nilikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba moja la mkonge. Meneja alikuwa na pikipiki ya miguu mitatu, moja mbele mbili nyuma, matairi haya haya ya maboga, akizungukia mistari ya mkonge. Siku ya Ijumaa kaniachia nibadilishe oili. Mtoto wa dada yangu, miaka 12, alikuwa kaja kututembelea likizo. Kila nilipoinua kichwa alikuwa ameishika usukani. Nikamwambia, panda, zunguka kibanda mara moja, polepole. Mimi mkubwa, mwenye spana mkononi, niliyejua kila nati ya kile chombo.

Alizunguka vizuri. Tena vizuri sana, mpaka nikajisifu moyoni. Mzunguko wa pili, ambao sikumruhusu, alipofika penye mtaro kikaanza kuinama, naye akafanya anachofanya kila mtoto wa baiskeli: akashusha mguu chini ajizuie. Tairi la nyuma likapanda kisigino chake, likapanda muundi, likamvuta mpaka chini. Paja lilivunjika. Tulimpeleka hospitali juu ya trela la trekta, amelazwa kwenye magunia, kila shimo analia na mimi nalia.

Kwa dada nilisema kaanguka kwenye mwembe. Dada akanitazama, akauliza, "Mwembe upi, shamba zima mkonge?"

Mwaka uliofuata, 1988, serikali ya Marekani na viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vyombo hivi walikubaliana mahakamani kwamba zile za miguu mitatu zisiuzwe tena mpya. Niliisoma habari hiyo miaka mingi baadaye kwenye gazeti lililofungiwa maandazi. Mpwa wangu yule leo ana watoto wake, ana duka la vifaa vya baiskeli, na masika yakianza anachechemea.

Kwa hiyo la kufanya, baba wa watatu. Chombo usikiuze kwa hasira, ni mali. Kisajili, wewe na mkulima wako mpate leseni, kifanye kazi ya shamba. Funguo zisikae kwenye msumari wa sebuleni, zikae mfukoni mwako, na betri ichomolewe ukisafiri, kwa sababu mtoto wa miaka 13 anajua kila msumari wa nyumba. Kaka akitaka kumpendeza mtoto amnunulie baiskeli nzuri ya gia. Akishikilia kwamba lazima iwe injini, basi iwe ya umri wake, yenye skrubu ya mafuta na ile kamba inayofungwa mkononi, mtoto akianguka injini inazima, na iwe ndani ya ua tambarare, wewe umesimama hatua kumi, simu umeiacha ndani. Hapo ule mpango wa umri wa viwanda vya Marekani utakuwa umefuatwa. Mimi nisingeinunua hata hiyo. Lakini mimi nina mwembe wangu.

---

*Fundi, tuna nyumba ya wageni upande wa Ushongo, Pangani. Tunakodisha kwadi mbili kwa saa. Wageni wanakuja na watoto wa miaka 9, 10, 12, na wazazi wenyewe wanaomba, wanasaini karatasi kwamba likitokea la kutokea hawatudai. Je, karatasi ile inatosha?*
*Msimamizi, Pangani*

Mdogo wangu, karatasi ile inafaa kufungia karanga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na wala haikuuliza pasipoti ya baba yake ni ya rangi gani. Mzazi anaweza kuisamehe haki yake yeye. Ya mtoto hawezi kuitia saini akaimaliza kama deni la sukari. Wala saini ya baba haimgeuzi mtoto wa miaka 9 kuwa na leseni. Mgeni akikwambia kwao anaruhusiwa, mwoneshe kibandiko kile kile nilichomwambia baba wa watatu. Bila shaka kwenye kwadi zako kipo, kama hamjakibandua kwa uzuri.

Kuna kosa jingine nimeliona kwa macho nilipokuja huko mwaka jana kumtengenezea mtu jenereta. Baba anaendesha, mtoto kapakatwa mbele kwenye tangi, mama nyuma na kamera. Kiti kile ni kirefu, kwa hiyo watu hudhani ni cha wawili. Kirefu kile ni nafasi ya dereva kusogea mbele na nyuma, kama nilivyoeleza. Ukipakia mtu pale umemfunga dereva asiweze kusogea, na uzito umeuhamishia nyuma, mwinuko mdogo tu kinainua pua. Zipo chache zilizotengenezwa za watu wawili, na hizo zina kiti cha pili chenye mshikio na pedali zake za abiria. Za kwako niliziona, si hizo.

Na kwa kuwa uko Ushongo, nikuongezee lisilo la injini. Kasa wanataga kwenye mchanga wa huko. Mayai yanakaa chini takribani miezi miwili, juu yake hapana alama unayoweza kuiona ukiwa na mwendo. Tairi likipita juu linaugandamiza mchanga, na hata vitoto vikitoka salama, ule mfereji wa matairi kwao ni korongo: vinaingia, vinatambaa kuufuata badala ya kwenda baharini, jua linachomoza, kunguru wanafika. Kasa kisheria analindwa. Kwadi zenu zipite njia ya nyuma ya minazi, zikae na mwongozaji wenu mtu mzima mbele, na ufukwe waachieni wanaotembea kwa miguu, wakiwemo akina mama wanaookota chaza maji yakitoka, ambao hawajasaini karatasi yoyote.

---

*Mimi ni mkulima wa machungwa Muheza. Nimenunua kwa mkono wa pili pikipiki ya miguu minne nifungie tangi la kupulizia dawa. Kijana anayenisaidia ana miaka 15, mwepesi, anapita vizuri katikati ya miti kuliko mimi mwenye kitambi. Namlipa vizuri. Kuna tatizo?*
*Mzee wa machungwa*

Mzee mwenzangu, kuna matatizo matatu na yote yamekaa kiti kimoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Huyo wa kwako kaupita mstari huo, ana 15, kwa hiyo kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shule, kuchuma, kupanga matenga, kuhesabu, hapo sina neno. Lakini mpaka afike 18 sheria haimruhusu kwenye kazi ya hatari. Dawa ya kupulizia peke yake ni hatari. Chombo hiki peke yake ni hatari. Wewe umeziunganisha, ukaziweka kwenye mteremko wa Muheza.

La pili ni tangi lenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 60 ni sawa na kumpakia mtu mzima juu ya keria, tena mtu asiyetulia. Likiwa nusu ndiyo baya zaidi: ukikata kona maji yanakimbilia upande wa kuangukia. Kwa hiyo anayepuliza anaanza kazi chombo kikiwa kizito na anaimaliza kikiwa kinayumba, na mtoto hatagundua badiliko hilo mpaka awe chini. Funga tangi dogo, chini kadiri inavyowezekana, au vuta kitrela. Soma pia uzito ulioandikwa kwenye keria. Upo, umechapwa palepale, na wengi tunaufunika kwa mpira wa kufungia mzigo.

Wenzetu wakulima wa mbali walishafika huku. Uingereza tangu mwaka 1998 mtoto chini ya miaka 13 haruhusiwi hata kupanda mashine za shamba zilizotajwa kwenye kanuni zao, hizi zikiwemo. Australia, ambako kwadi zimeua wakulima wengi, tangu Oktoba 2021 kila kwadi mpya ya kazi inayouzwa lazima iwe na upinde wa chuma nyuma ya dereva, ili kikipinduka kibaki na uwazi wa kumwacha mtu apumue. Upinde wa namna hiyo mchomeleaji wa Muheza anaweza kukuambia ataunga kwa mchana mmoja. Usimkubalie. Bomba la maji lililochomelewa kwa kukisia litabadili uzito wa chombo juu, au litakatika na kumchoma mtu. Ukiutaka, tafuta uliotengenezwa kwa ajili ya aina yako.

La tatu ni kitambi. Panda wewe. Uzito unaouonea haya ndio chombo kinaoutaka.

---

*Fundi, nataka kujua kama helmeti ya bodaboda inafaa, na kama mtoto anaweza kuvaa ya mtu mzima akiweka kitambaa ndani.*
*Bibi wa wajukuu saba, Makorora*

Shikamoo mama. Helmeti ya pikipiki iliyo nzima inafaa, ya baiskeli haitoshi. Kitambaa ndani, hapana kabisa: kichwa kikigonga, kitambaa kinabonyea, helmeti inazunguka, mkanda unakwenda shingoni. Mjukuu avae ya saizi yake, akitikisa kichwa isicheze, na ikiwa imeshaanguka ajali moja itupwe hata kama haina ufa. Na miwani, na viatu vya kufunika kifundo, na suruali ndefu. Ekzosi ya kitu hiki iko karibu na muundi, nina alama yake.

Ila mama, nimeona umeandika wajukuu saba, na mwishoni mwa barua ukasema wanapandishwa "wawili wawili" na mtoto wa mpangaji. Rudi juu usome nilichomjibu msimamizi wa Pangani kuhusu kiti. Kisha mwite huyo mtoto wa mpangaji kibarazani, unajua mwenyewe utakavyosema naye.

---

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nina miaka 12. Rafiki yangu anaendesha ya kwao na haanguki. Baba yangu anasema nisubiri mpaka nikue. Nikue mpaka wapi? Nataka jibu la namba, si "subiri".*
*Mwanafunzi, Sahare*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeipenda kuliko zote, kwa sababu umeomba namba.

Namba ya barabarani ni 18, na leseni mfukoni. Namba ya kibandiko kwenye chombo kikubwa ni 16. Lakini nitakupa na vipimo vyangu vya gereji, ambavyo huwa nawapima hata watu wazima. Simama juu ya pedali zake, chombo kimezimwa: kati ya kiti na suruali yako pawe na nafasi ya vidole vinne. Shika usukani, uukunje mpaka mwisho kushoto na kulia, viwiko vibaki vimekunjika kidogo, usivutwe mbele. Dole gumba lifike kwenye mafuta bila kuuachia mshikio, vidole vifike kwenye breki bila kunyoosha kiganja. Kisha kaa upande mmoja wa kiti kwa nguvu zako zote: kama springi za upande ule hazikubonyea, chombo hakijui kama upo. Huwezi kukiongoza kitu kisichojua kama upo.

Rafiki yako haanguki, umesema. Mtoto wa dada yangu naye hakuanguka, mzunguko wa kwanza.

Sasa miaka hiyo ya katikati usiikae bure. Baiskeli endesha, tena ujifunze kutazama mbali, si kwenye tairi. Na kama baba ataridhia, njoo naye Jumamosi saa nane mchana ukishatoka madrasa, gereji yangu iko Ngamiani, uliza fundi wa kibanda cha bluu. Ninayo hapa kwadi moja ya mteja, ekseli yake imepinda, tutaishusha pamoja. Uje na nguo chakavu.